Niko Bellic na Deni la Vita: Uhakiki wa Mchezo wa Video "Grand Theft Auto IV"

0. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi hawana desturi ya kujishughulisha na michezo ya video. Wengi wetu huihesabu kuwa tafrija ya vijana, jambo la kupitisha jioni, lisilo na haki ya kuketi katika ukurasa mmoja na riwaya au tamthilia. Hata hivyo, kazi yoyote yenye wahusika, mandhari, mgogoro na hatima inastahili kuulizwa maswali yale yale tunayoiuliza hadithi iliyoandikwa: inasema nini, inasema vipi, na je, fani yake inaitumikia dhamira yake au inaisaliti?

Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki mchezo wa "Grand Theft Auto IV". Ulitungwa na kampuni ya Rockstar North ya Edinburgh, nchini Uskoti, ukatolewa tarehe 29 Aprili 2008. Ulifuata michezo mitatu iliyokwisha kujipatia umaarufu mkubwa, yaani "Grand Theft Auto III" (2001), "Vice City" (2002) na "San Andreas" (2004). Katika michezo yote hii, mchezaji humwongoza mhalifu mmoja ndani ya mji mpana ulio wazi: anaweza kufuata kisa, au kukiacha kando na kuzurura atakavyo. Ule wa mwaka 2008 uliuza nakala zaidi ya milioni 3 siku ya kwanza, na mapato ya juma la kwanza yalifika dola milioni 500. Wahakiki wa magazeti ya michezo waliupokea kwa sifa zisizo na kifani. Wastani wa alama zao katika mkusanyo wa Metacritic ni 98 juu ya 100.

Sifa za siku ya harusi si ushahidi wa ndoa njema. Leo, baada ya miaka mingi kupita, tunaweza kuutazama mchezo huu kwa macho matulivu zaidi. Dai letu ni hili: "Grand Theft Auto IV" ni kazi iliyothubutu kusimulia uzito wa kuua, lakini ikashindwa kumfanya mchezaji aubebe uzito huo. Ubora wake na kasoro yake kubwa vinatoka katika chanzo kimoja.

1. Muhtasari wa kisa

Niko Bellic ni askari wa zamani kutoka Ulaya ya Mashariki. Nchi yake haitajwi waziwazi, ingawa lugha ya Kiserbia anayozungumza mara kwa mara na binamu yake inatuelekeza kwenye vita vya Yugoslavia ya zamani vya miaka ya 1990. Anateremka kutoka katika meli iitwayo Platypus na kuingia Liberty City, mji wa kubuniwa ulioigwa kutoka New York. Binamu yake, Roman, amemwandikia barua za kumvutia: ana jumba, ana magari ya fahari, ana wanawake wengi. Niko anapofika anakuta chumba kidogo chenye mende, ofisi hafifu ya teksi, na madeni ya kamari.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Nani asiyemjua ndugu aliyeko Ulaya ambaye picha zake hazifanani na maisha yake? Uongo wa Roman ndio mlango wa kisa chote, na ni mlango uliochongwa kwa ustadi, kwa maana uongo huo hautokani na uovu. Unatokana na aibu.

Ili kumwokoa Roman na wadai wake, Niko anaua. Akishaua mara ya kwanza, kila tajiri wa uhalifu anamtaka: Warusi wa Hove Beach, kisha familia ya McReary yenye asili ya Ireland, na mwishowe Waitalia wa Alderney. Anasalitiwa na Dimitri Rascalov, ofisi ya teksi inachomwa moto, na mabinamu hao wawili wanahama mtaa hadi mtaa. Lakini Niko ana shughuli nyingine pia mjini humo. Wakati wa vita, kikosi chake cha vijana kumi na watano wa kijiji kimoja kilisalitiwa. Kumi na wawili wakafa. Yeye anamtafuta aliyewauza.

2. Ubora wa kazi

2.1. Mandhari

Katika "San Andreas" kulikuwa na miji mitatu, jangwa, milima na mashamba. Watunzi wa mchezo uliofuata walifanya jambo ambalo wenye kutunga mwendelezo hulikwepa: walipunguza. Waliondoa ndege za kurusha, waliondoa ununuzi wa nyumba, waliondoa mazoezi ya kunenepesha misuli. Wakabakiza mji mmoja, na mji huo wakaupa pumzi.

Liberty City ina visiwa na madaraja. Mwanzoni madaraja yamefungwa kwa hofu ya magaidi, na mgeni hana budi kubaki katika mitaa ya Broker na Dukes, akiyatazama maghorofa ya Algonquin ng'ambo ya maji. Mpangilio huu una maana. Unatufundisha kwa macho kile ambacho mwandishi wa riwaya angehitaji kurasa kadhaa kukieleza: mhamiaji anaishi mjini kabla mji haujamruhusu kuingia.

Sanamu kubwa iliyosimama bandarini, iliyoigwa kutoka ile ya Uhuru ya New York, imeshika kikombe cha kahawa mahali pa mwenge. Hiyo ni kejeli rahisi. Lakini mchezaji mwenye subira, akifika kwa helikopta na kuingia ndani yake, ataukuta moyo mkubwa unaodunda, umefungwa kwa minyororo. Hakuna jukumu linalompeleka huko, wala hapewi zawadi. Ni ishara iliyowekwa kwa ajili ya mwenye kutafuta tu, na kwa maoni yetu ina uzito kuliko mizaha yote iliyobandikwa katika matangazo ya mitaani.

Sauti za mji nazo zimetungwa kwa uangalifu. Katika redio za magari kuna Vladivostok FM ya nyimbo za Kirusi, na kuna International Funk 99, ambayo mtangazaji wake ni Femi Kuti wa Nigeria na ambamo muziki wa baba yake, Fela, unasikika. Ni mara chache Afrika inaingia katika mchezo kama huu kwa mlango wa sanaa. Inasikitisha kwamba mnamo Aprili 2018, mikataba ya muziki ya miaka kumi ilipokwisha, nyimbo nyingi ziliondolewa na Vladivostok FM ikajazwa nyimbo nyingine. Mhakiki wa riwaya hana hofu kwamba sura ya tatu itabadilishwa akiwa amelala. Mhakiki wa mchezo wa video lazima aseme ni toleo lipi analolihakiki.

2.2. Wahusika

Niko ni mhusika aliyekamilika. Ni mchovu, ana maneno machache na dhihaka kavu, na hajidanganyi. Wahusika wakuu wa michezo iliyotangulia walitaka kupanda: kuwa matajiri, kuimiliki mitaa, kuitwa wakubwa. Niko hataki kupanda. Anataka kumaliza. Tofauti hii moja inabadilisha rangi ya kisa chote.

Roman ni kinyume chake: mnene, mchangamfu, mwongo, mwenye mapenzi. Ndiye anayemwambia Niko kila mara kwamba vita vimekwisha. Watunzi hawakumfanya mjinga anayechekesha tu. Walimpa hekima ambayo Niko hana. Pamoja nao yuko Little Jacob, Mjamaika mwenye Kiingereza cha kwao kilichokolea, rafiki mwaminifu kuliko wengi wanaozungumza kwa ufasaha. Kwa wasomaji wa jarida la lugha, tuongeze kwamba kila mtaa wa mji huu una lafudhi yake, na lafudhi hizo zinagawa watu kama mipaka ya ramani. Mchezaji wa Kongo anaweza kusoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha, ila atakuwa amepoteza sehemu ya utajiri huo, kwa kuwa tafsiri inasawazisha kile ambacho sauti zimekitofautisha.

2.3. Mizani ya uamuzi

Mara kadhaa kisa kinasimama na kumwachia mchezaji neno la mwisho. Wawili wa familia ya McReary, Francis aliye polisi na Derrick aliyeharibiwa na madawa ya kulevya, kila mmoja anamwomba Niko amwue mwenzake. Mchezaji yuko juu, na bunduki ya masafa marefu mkononi. Ndugu hao wamekaa kwenye benchi chini. Akishachagua, kinachofuata ni mazishi, na Niko mwenyewe anaendesha gari la maiti, akiwa amezungukwa na jamaa wasiojua kwamba muuaji ndiye anayewachukulia jeneza. Hatukumbuki riwaya nyingi za uhalifu zilizofikia ukali wa kejeli kama huo.

Kilele chenyewe ni pale Darko Brevic, msaliti wa kikosi, anapoletwa mbele ya Niko katika uwanja wa ndege. Tumengoja saa nyingi tumwone shetani huyu. Anayetokea ni mtu aliyekonda, aliyeharibiwa na madawa, ambaye amekwisha kujiadhibu kuliko risasi. Niko anamwuliza alilipwa kiasi gani. Jibu ni dola 1000. Lakini Darko anaongeza jambo lililokuwa halijasemwa: kwamba wenzake Niko nao waliwaua majirani zake. Basi mizani inayumba. Aliyedhani anadai anagundua kwamba naye anadaiwa.

Mchezaji anaweza kumwua au kumwacha. Akimwua, Niko anakiri baadaye kwamba moyo wake umebaki mtupu. Akimwacha, Roman anamsifu, lakini Niko hapati amani ya papo hapo. Kazi haitoi hukumu, na hapo ndipo heshima yake ilipo. Msomaji wa Kongo, ambaye mashariki ya nchi yake imejua vita na kurudi kwa vita tangu mwaka 1996, hatauona mgogoro huu kuwa wa Ulaya peke yake. Tunaishi na watu waliouza na watu waliouzwa, nao hununua unga katika soko moja. Swali la kufanya nini na jirani aliyesaliti halijibiwi kwa hotuba za msamaha wala kwa nyimbo za kisasi. Mchezo huu, angalau kwa dakika hizo chache, unalijua hilo.

3. Kasoro

3.1. Mgongano wa kisa na mchezo

Mwaka 2007, mtunzi wa michezo kutoka Kanada, Clint Hocking, akihakiki mchezo mwingine, alieleza kasoro ambayo tangu hapo imekuwa mada ya kudumu katika uhakiki wa michezo ya video: kisa kinasema jambo moja, na matendo anayotakiwa kuyatenda mchezaji yanasema jambo jingine. "Grand Theft Auto IV" ni mfano wake bora.

Niko analia kwa ajili ya vijana kumi na wawili. Kufikia siku ya kumkabili Darko, mchezaji amekwisha kuua watu ambao idadi yao haikumbukiki, wengi wao wakiwa walinzi wasio na majina ambao kosa lao ni kusimama mlangoni. Hapewi nafasi ya kuwaacha. Hukumu juu ya Darko ina njia mbili. Hukumu juu ya hao wengine ina njia moja, nayo imeandikwa kama sharti la kusonga mbele. Hivyo swali la uwanja wa ndege linapoteza nusu ya nguvu yake. Mtu aliyeua mamia asubuhi anatuomba tushike pumzi anapofikiri kuhusu mmoja jioni.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo maana yenyewe: Niko ni mnafiki, naye anajua. Tunaikubali hoja hii kwa sehemu. Kweli yapo mazungumzo ambamo anajilaumu. Lakini kujilaumu kwa mdomo hakutoshi katika sanaa ambayo chombo chake kikuu ni tendo. Kama watunzi walitaka tuhisi unafiki huo, walipaswa kuuweka katika mikono ya mchezaji, na siyo katika masikio yake tu. Ajabu ni kwamba walikuwa na zana: kwa mbinu iitwayo Euphoria, kila mwili unaanguka kwa namna yake, unayumba, unashika ukuta. Maiti zina uzito wa kimaumbile kuliko katika mchezo wowote uliotangulia. Zimekosa uzito wa kimaadili.

Fedha nazo ni vivyo hivyo. Kisa kinatuambia kwamba Niko anaua kwa sababu ya umaskini. Baada ya kuipora benki pamoja na akina McReary, tukio ambalo kwa msisimko wake ni miongoni mwa yaliyo bora katika mchezo, ana mamia ya maelfu ya dola. Hawezi kununua nyumba. Hawezi kumlipia Roman madeni yake yajayo. Anaweza kununua suti, chakula na risasi. Anaendelea kupokea amri za watu wadogo kuliko mfuko wake, na tunabaki kujiuliza kwa nini.

3.2. Majukumu yanayojirudia

Muundo wa majukumu mengi ni mmoja: endesha gari hadi mahali, sikiliza mazungumzo, piga risasi, kimbia. Mchezaji akishindwa, analazimika kuanza tena tangu mwanzo, pamoja na safari ndefu ya gari, kwa kuwa hakuna kituo cha kati cha kurejea. Mazungumzo yaliyomgusa mara ya kwanza yanamchosha mara ya nne. Hapa fani inaua maudhui kwa njia ya kawaida kabisa: kwa marudio.

3.3. Wanawake na kejeli

Wahusika wa kike ni wachache na wamechorwa kwa kalamu nyembamba. Michelle anageuka kuwa wakala wa serikali, Mallorie yupo kwa ajili ya Roman, na Kate McReary, mwenye akili na utu kuliko wote, anatumiwa zaidi kama kioo cha dhamiri ya Niko. Hata kifo chake, katika njia mojawapo ya hatima, ni tukio katika maisha ya Niko kuliko mwisho wa maisha yake mwenyewe.

Tena kuna kejeli isiyolala. Kila tangazo, kila duka, kila kipindi cha redio kinaikebehi Marekani kwa uchoyo wake na hofu yake. Nyingine zinachekesha. Lakini anayekebehi kila kitu hana anachokitetea, na huzuni ya Niko inapita katikati ya mizaha ya matusi kama msiba unaopita sokoni siku ya mnada. Halafu kejeli hiyo haiwahusu wenyewe. Mwaka 2008 Michael Hollick, aliyempa Niko sauti na mienendo, alilieleza gazeti la New York Times kwamba alilipwa takriban dola 100.000 kwa kazi ya miezi kama 15, bila sehemu yoyote ya mauzo. Mkataba huo ulikuwa halali. Hata hivyo, kazi inayomcheka tajiri anayemnyonya mhamiaji ingetakiwa kujicheka kidogo pia.

4. Simu ya binamu

Kuna jambo moja ambalo wachezaji wengi wamelihesabu kuwa kasoro, nasi tunasita kukubaliana nao. Niko ana simu ya mkononi, na simu hiyo hailali. Roman anapiga akitaka twende kucheza bolingi. Little Jacob anapiga. Packie anapiga. Ukikataa mara nyingi, urafiki unapungua. Malalamiko juu ya simu za Roman yamegeuka kuwa mzaha duniani kote.

Ni kweli kwamba simu hizo zinakuja wakati mbaya, na michezo yenyewe inachosha haraka. Lakini tumefundishwa kwamba udugu ni kufaana, si kufanana; na kufaana hakungojei wakati mzuri. Ndugu anayesumbua ndiye ndugu. Katika mchezo ambamo kila mtu mwingine anampigia Niko ili aue, binamu mmoja anampigia ili wakae pamoja, naye ndiye anayeonekana kuwa kero. Kwa hiyo, pale njia ya maafikiano na Dimitri inapomalizika kwa risasi inayomwua Roman siku ya harusi yake, mchezaji anagundua kwamba simu imenyamaza. Hapa, na hapa pekee, tendo la mchezo na maana ya kisa vimeshikana mikono. Aliyelalamika jana analipa leo kwa ukimya. Laiti watunzi wangekijenga kila kifo kwa namna hiyo!

Njia ya pili, ya kisasi juu ya Dimitri, inamwokoa Roman lakini inamwua Kate. Baadaye Roman anamwambia Niko kwamba Mallorie ni mjamzito, na kwamba mtoto akiwa wa kike ataitwa Kate. Hakuna njia ya tatu. Wapo waliokasirika kwa kunyimwa hatima njema. Sisi tunaona kwamba ni ushujaa wa mtunzi kukataa kuuza faraja ambayo kisa hakikuichuma.

5. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba "Grand Theft Auto IV" ni mwendelezo uliochagua kuchimba badala ya kutanuka. Mandhari yake yana maana, wahusika wake wawili wakuu wanaaminika, na mahali pachache, mbele ya Darko, ndani ya gari la maiti, katika simu iliyonyamaza, unafikia kina ambacho fasihi andishi ingekionea fahari. Unapoanguka, unaanguka kwa sababu haukuwa na ujasiri wa kuugusa msingi wa aina yake yenyewe: kuua kama kazi ya kawaida ya mchezaji.

Mchezo uliofuata, "Grand Theft Auto V" wa mwaka 2013, ulirudi kwenye upana, milima na ndege, ukiwa na wahusika wakuu watatu, na mauzo yake yaliupita ule wa Niko kwa mbali sana. Soko limetoa jibu lake. Lakini kazi ya uhakiki si kuhesabu nakala. Kwa vijana wetu wanaokaa mbele ya skrini hizi usiku kucha, tunapendekeza swali moja tu la kubeba: walipomfikisha Niko mbele ya msaliti wake na kubonyeza kitufe, ni nani hasa aliyeamua, nao walimfikiria nani?